Shamba Likizuiwa na Mahakama, Nani Atalipa Msimu Uliopotea?



Tuseme wewe ni mkulima wa tumbaku hapa Ulyankulu. Una shamba la ekari mbili. Kabla ya mvua umeandaa vitalu. Umemwagilia miche kwa ndoo, asubuhi na jioni. Chama cha msingi kimekukopesha mbolea. Matuta yako tayari. Mvua za kwanza zimenyesha, na miche imefikia kuhamishwa.

Siku hiyo anakuja mtu na karatasi yenye muhuri. Karatasi inasema usiingie katika shamba lile wala usifanye kazi yoyote humo mpaka shauri litakaposikilizwa. Aliyeomba karatasi hiyo ni jirani yako. Anasema shamba ni lake.

Unakwenda kwenye Baraza la Ardhi. Shauri linaahirishwa. Unakwenda tena. Mwenyekiti ana safari. Unakwenda mara ya tatu. Mashahidi wa jirani hawakufika. Mwezi wa Mei hukumu inasomwa: shamba ni lako. Umeshinda! Lakini miche ilikwisha kufa kitaluni. Mvua zimekwisha. Bani lako halikuwashwa moto mwaka mzima. Na deni la mbolea liko pale pale katika daftari la chama.

Je, nani atalipa hasara hiyo? Hilo ndilo somo letu la mwezi huu.

ZUIO NI NINI?

Karatasi ile inaitwa amri ya zuio la muda. Maana yake ni kwamba mahakama inamkataza mtu kufanya jambo fulani kwa wakati, mpaka ukweli ujulikane. Zuio siyo hukumu. Haisemi nani mwenye shamba. Inasema tu, "Ngojeni kwanza."

Amri ya namna hii ina faida. Tuseme jirani yako anakata miti ya mizinga yako, nawe umefungua kesi. Kesi itachukua miezi. Miti ikikatwa yote, ushindi wako utakuwa wa nini? Zuio linamshika mkono mpaka kesi iishe. Kwa hiyo tusilichukie zuio. Tatizo ni kwamba linatolewa kabla ya ukweli kujulikana. Wakati mwingine linamzuia mkosaji. Wakati mwingine linamzuia mwenye haki.

Wenyeji wa nchi hii wanajua habari za njia kufungwa. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo alipigana na Waarabu wa Tabora, na njia ya misafara kutoka Tabora kwenda Ujiji ikafungwa. Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alilazimika kuzunguka kwa upande wa kusini ili afike Ujiji. Wafanyabiashara walikaa na mali isiyoweza kusafiri. Mirambo alikuwa na madai yake, na wao walikuwa na yao. Lakini hapakuwa na mtu wa kumwendea na kusema, "Njia ilifungwa siku nyingi, nimepata hasara kiasi hiki, nilipwe." Leo njia ya shamba lako ikifungwa kwa karatasi, yuko wa kumwendea. Ila hakufuati nyumbani. Ni lazima umwendee wewe, na ni lazima uombe.

MAHAKAMA HUANGALIA NINI?

Mahakama haitoi zuio kwa sababu mtu amelia sana. Mwaka 1969 Jaji Mkuu wa Tanzania, Telford Georges, aliamua kesi ya Atilio dhidi ya Mbowe. Katika kesi hiyo alieleza mambo matatu, na mpaka leo mahakama zetu huyafuata.

Jambo la kwanza, je, kuna ugomvi wa kweli wa kuamuliwa, na je, aliyeomba anaelekea kuwa na haki? La pili, je, asipopewa zuio atapata hasara ambayo haiwezi kurekebishwa baadaye? La tatu, nani ataumia zaidi: yeye akinyimwa zuio, au wewe ukizuiwa?

Angalia sana jambo hili la tatu. Hapo ndipo mkulima anapaswa kusema. Jirani yako akingoja miezi sita, ardhi itakuwepo. Haitakwenda popote. Wewe ukingoja miezi sita, msimu umekwisha. Watu wa mjini wanaweza kusahau kwamba mwezi wa Desemba haufanani na mwezi wa Julai. Nyumba ya kupanga iliyofungwa miezi miwili hupoteza kodi ya miezi miwili. Shamba lililofungwa miezi miwili wakati wa kupanda hupoteza mwaka. Mwambie mwenyekiti wa Baraza hivyo hivyo, kwa maneno yako. Tangu mwaka 2021 sheria inasema lugha ya mahakama ni Kiswahili. Huna sababu ya kuona haya.

SIKU YA KWANZA NI MUHIMU KULIKO YA MWISHO

Kwa kawaida mahakama inatakiwa kukuita kabla ya kutoa zuio. Lakini sheria inaruhusu zuio litolewe bila wewe kusikilizwa, kama jambo ni la haraka sana. Ukiletewa zuio la namna hiyo, fanya mambo yafuatayo.

Usilivunje. Hata kama una hakika kwamba jirani anasema uongo, usichukue jembe ukaingia shambani. Anayevunja zuio anaweza kukamatiwa mali yake, na anaweza kuwekwa ndani kama mfungwa wa madai hadi miezi sita. Aliyekuwa na haki anageuka mkosaji kwa siku moja.

Soma karatasi. Wewe sasa unajua kusoma; usimpe mtu mwingine akusomee halafu ukaondoka na maneno yake. Tazama tarehe. Tazama jina la mahakama au Baraza. Tazama ni eneo gani limezuiwa. Kama ugomvi wenu ni wa robo ekari ya mpakani, kwa nini ekari zote mbili zifungwe? Hapa kwetu mipaka mingi ni kichuguu, mti, au kijia cha miguu. Makazi ya Ulyankulu yalianza mwaka 1972 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Burundi, na mashamba mengi yalikatwa katika msitu bila hati. Wengine baadaye walihamia Mishamo, na mashamba yao yakalimwa na wengine. Mwaka 2014 vyeti vya uraia vilitolewa kwa maelfu ya watu, lakini cheti cha uraia hakionyeshi kichuguu cha mpaka kiko wapi. Basi si ajabu karatasi ya mahakama ikataja "shamba" bila kusema linaishia wapi. Omba eneo litajwe, na sehemu isiyo na ugomvi uachiwe uilime.

Tazama pia maneno haya: "hali ibaki kama ilivyo." Maneno hayo yanafaa kwa nyumba au gari. Kwa tumbaku hayana maana, kwa sababu jani halijui amri. Linakua, linaiva, linaoza. Kwa hiyo uliza: nani atapalilia? Nani atachuma? Nani atakausha? Usiondoke barazani bila jibu lililoandikwa.

Halafu omba zuio liondolewe au lirekebishwe. Sheria inakupa haki hiyo. Huna haja ya kungoja kesi iishe. Ukiona mahakama haitaki kuliondoa, omba njia ya katikati. Sheria inairuhusu mahakama kuamuru mali inayoharibika upesi iuzwe. Mnaweza kuamriwa kwamba tumbaku ichumwe, ikaushwe, iuzwe kwenye chama kama kawaida, na fedha zitunzwe mpaka mshindi ajulikane. Mimi naona njia hii ni bora kuliko zote. Haimwibii mtu haki yake, na jani halipotei. Lakini watu wengi hawaiombi, kwa sababu hasira imewaambia kwamba kukubali nusu ni kushindwa.

OMBA DHAMANA

Sasa tufike kwenye jambo kubwa kuliko yote.

Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya mwaka 1966 inasema kwamba mahakama ikitoa zuio inaweza kuweka masharti. Sharti moja ni muda. Zuio haliwezi kupewa zaidi ya miezi sita kwa mara moja, na hata likiongezwa, jumla yake haitakiwi kupita mwaka mmoja. Sharti jingine ni dhamana. Yaani aliyeomba zuio aweke kitu, au atoe ahadi mbele ya mahakama, kwamba ikionekana mwishoni hakuwa na haki, atalipa hasara ya yule aliyezuiwa.

Huko Uingereza ahadi hii ni desturi ya tangu karne ya 19. Mwenye kuomba zuio huulizwa, "Je, uko tayari kulipa hasara ukishindwa?" Akisema hapana, kwa kawaida hapewi. Kwetu mahakama ina uwezo wa kuitaka dhamana, lakini hailazimiki. Mara nyingi haitaitaka kama hakuna aliyeiomba.

Kwa hiyo iombe. Simama na useme: "Mheshimiwa, kama shamba langu litafungwa, naomba mwombaji aahidi kunilipa hasara yangu ikiwa atashindwa, na aonyeshe ana nini cha kulipia." Ombi hili linafanya kazi mbili. Kwanza, linakuwekea akiba. Pili, linampima jirani yako. Mtu mwenye hakika na shamba lake hataogopa kuahidi. Mtu aliyekuja kukukomoa tu ataanza kujikuna kichwa.

Usingoje mwisho wa kesi ndipo uanze kufikiri juu ya hasara. Utaona hapa chini kwamba mwishoni mlango ni mwembamba.

HASARA HAISEMWI, INAONYESHWA

Ukisema barazani, "Nimepata hasara kubwa sana," hujasema kitu. Mwenyekiti atauliza: Kiasi gani? Unajuaje? Nani aliona?

Siku ile ile unayopewa zuio, chukua daftari. Andika tarehe. Andika ulikuwa na vitalu vingapi na shamba la ukubwa gani. Mwite mwenyekiti wa kitongoji na bwana shamba waje waone, waandike walichokiona na watie sahihi. Kama mtu ana simu ya kupigia picha, apige. Mche uliokufa leo, baada ya mwezi mmoja haupo hata wa kuonyesha. Tunza risiti za mbolea, karatasi ya mkopo ya chama, na majina ya vibarua waliolima matuta pamoja na fedha ulizowalipa. Tafuta karatasi za mauzo ya msimu uliopita. Hizo ni shahidi asiyesahau: zinaonyesha shamba lile lilikupa kilo ngapi na kwa bei gani.

Kisha piga hesabu ya kweli. Tutumie mfano. Fedha tunazozitaja hapa ni za mfano tu.

Tuseme msimu wa kawaida ungeuza tumbaku ya shilingi 2,000,000. Ili upate fedha hizo, ungelipa kwanza kazi ya kuchuma, kuni za bani na usafiri, jumla shilingi 500,000. Fedha hizi hukuzitumia, kwa sababu hukuchuma. Zitoe. Zinabaki 1,500,000. Je, uongeze shilingi 600,000 za mbolea na matuta? Hapana. Fedha hizo zingelipwa kutoka katika mauzo yale yale. Ukiziongeza utakuwa umehesabu mara mbili, na wakili wa jirani atakuumbua mbele ya watu.

Liko jambo jingine ambalo wengi hawalipendi. Mahakama itakuuliza: "Ulipozuiwa, ulifanya nini?" Kama ndugu yako alikuwa na ekari moja tupu na miche yako ilikuwa hai, kwa nini hukuipanda huko? Mtu aliyepata hasara anatakiwa kujitahidi kuipunguza. Tuseme ulipanda mahindi mahali pengine ukapata shilingi 300,000. Zitoe pia. Hasara yako ni shilingi 1,200,000. Hiyo ndiyo utakayoidai. Hesabu ndogo yenye ushahidi ina nguvu kuliko hesabu kubwa yenye kelele.

GHARAMA ZA KESI SIYO FIDIA

Ukishinda, mara nyingi utasikia maneno haya: "Mdai alipe gharama." Watu hufurahi na kwenda nyumbani. Wanadhani wamelipwa hasara. Sivyo. Gharama za kesi ni ada ya mahakama, nauli, na malipo ya wakili. Tumbaku iliyooza siyo gharama ya kesi.

Hata Serikali yetu ilikutana na jambo linalofanana na hili. Mwezi wa Agosti 2019 ndege ya Air Tanzania aina ya Airbus A220-300 ilizuiwa katika uwanja wa ndege wa Johannesburg, Afrika Kusini. Aliyeomba amri hiyo mahakamani ni mkulima mstaafu, Hermanus Steyn. Alikuwa akiidai Serikali fidia ya mali zake zilizotaifishwa miaka ya 1980. Amri ilitoka, na ndege ikakaa chini. Mawakili wa Serikali walikwenda kuipinga. Tarehe 4 Septemba 2019 mahakama iliifuta amri, ikaiachia ndege, na ikamwamuru Steyn alipe gharama za kesi.

Ndege siyo shamba, na amri ya kukamata mali siyo sawa kabisa na zuio. Lakini ni watoto wa mama mmoja: zote hutolewa kabla ya ugomvi kuamuliwa. Ndege iliyokaa chini siku zaidi ya kumi haibebi abiria. Hasara ya namna hiyo haimo katika maneno "alipe gharama". Anayeitaka ni lazima aiombe peke yake, na aithibitishe. Kama ni hivyo kwa Serikali yenye mawakili, itakuwaje kwa mtu mwenye ekari mbili?

MLANGO WA MWISHO

Sheria ile ya mwaka 1966, katika kifungu cha 69, inampa aliyezuiwa haki ya kuomba fidia katika kesi ile ile. Huhitaji kufungua kesi mpya. Unapeleka maombi, na mahakama inaweza kumwamuru aliyekuzuia akulipe. Lakini sharti mahakama ione moja kati ya mambo mawili. Ama zuio liliombwa kwa sababu zisizotosha. Ama kesi ya jirani imeshindwa, tena inaonekana hakuwa na sababu yoyote ya maana ya kuifungua.

Soma tena maneno hayo, msomaji. Kushindwa peke yake hakutoshi. Tuseme jirani aliamini kwa dhati kwamba kichuguu kile ndicho mpaka, na baba yake alimwambia hivyo. Alishindwa, lakini hakuwa mwongo. Kwa njia hii huenda asilipe kitu. Lakini kama aliahidi siku ya kwanza kulipa hasara, hapo ahadi yake inambana. Hatuulizi tena kama alikuwa mwongo au mkweli. Ndiyo maana tumesema siku ya kwanza ni muhimu kuliko ya mwisho.

Na uko mtego. Njia hii fupi ina kikomo. Sheria iliweka kiwango ambacho mahakama haiwezi kukipita, na kiwango hicho kiliwekwa kwa shilingi za zamani. Kwa hasara ya msimu mzima kilikuwa kidogo mno, na kwa maoni yangu hili ni jambo ambalo watunga sheria wanapaswa kulitazama kwa macho ya mkulima. Tena sheria inasema kwamba maombi haya yakishaamuliwa, huwezi kufungua kesi nyingine kudai fidia ya zuio lile lile. Ukipita mlango mdogo, mlango mkubwa unafungwa.

Mlango mkubwa ni kufungua kesi mpya ya madai. Humo unaweza kudai hasara yako yote. Lakini mzigo wake ni mzito. Utatakiwa kuonyesha kwamba jirani alikwenda mahakamani bila sababu ya maana na kwa nia mbaya. Nia ya mtu haionekani kama bani la tumbaku. Labda alisema mbele ya watu kwenye kilabu, "Mwaka huu halimi." Watu hao ni mashahidi wako, kama watakubali kuja. Kesi ya madai ina muda wake pia. Ukikaa miaka, utaambiwa umechelewa.

Kabla ya kuchagua mlango, tafuta ushauri. Iko Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na chini yake wapo wasaidizi wa kisheria wanaosaidia wananchi bila malipo. Mpelekee daftari lako na risiti zako. Muulize kikomo cha kifungu cha 69 ni kiasi gani kwa sasa, na hasara yako ni kiasi gani. Hesabu hizo mbili zitakuonyesha mlango.

Angalia pia ujanja mmoja. Mtu anaomba zuio mwezi wa Novemba. Msimu unapita. Mwezi wa Aprili anakuja mahakamani akiwa mpole na kusema, "Naomba kuiondoa kesi yangu." Utaulizwa kama una pingamizi. Usikimbilie kusema, "Sina." Alichokitaka amekwisha kukipata. Sema, "Sipingi aondoe kesi, lakini naomba gharama zangu, na naomba haki yangu ya kudai fidia ya zuio iandikwe." Maneno hayo yakiingia katika kumbukumbu za mahakama, yatakusaidia baadaye. Usipoyasema, hakuna atakayekusemea.

UGOMVI WA SHAMBA UENDE WAPI?

Ugomvi wa ardhi kwanza upelekwe kwenye Baraza la Kata ili mpatanishwe. Zamani Baraza la Kata liliweza kuamua nani mwenye shamba. Tangu mwaka 2021 kazi yake ni kupatanisha tu. Msipopatana, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko ndiko zuio huombwa. Anayeona hakutendewa haki huko hukata rufaa Mahakama Kuu, ambayo kwetu iko Tabora. Jueni pia kwamba sheria hii ya mwaka 1966 haitumiki katika Mahakama ya Mwanzo. Mahakama ya Mwanzo ina kanuni zake.

KAMA WEWE NDIYE UNAYETAKA KUZUIA

Mpaka hapa tumemwambia aliyezuiwa. Sasa tuseme na wewe unayefikiria kumzuia mwenzako.

Kama shamba lako linavamiwa, nenda haraka. Usingoje mpaka mwenzako apande, apalilie, na tumbaku ifike kiunoni, ndipo ukimbilie zuio. Mwenyekiti atauliza, "Ulikuwa wapi alipokuwa akitengeneza matuta?" Na hasara atakayoipata mtu kwa tumbaku iliyofika kiunoni ni kubwa kuliko hasara ya shamba tupu. Ukishindwa, hasara hiyo inaweza kuja mlangoni kwako.

Katika hati ya kiapo sema yote, hata yale yasiyokupendeza. Kama mwenzako amelima pale miaka kumi na miwili, sema. Ukificha na mahakama ikaja kujua, zuio litaondolewa, na itakuwa rahisi kwake kuonyesha kwamba sababu zako hazikutosha.

Omba kuzuia kile tu kinachogombaniwa. Kama ni mpaka, taja hatua ngapi kutoka kichuguu hadi mti gani. Na kabla ya kutia kidole gumba au sahihi, tazama zizi lako na ghala lako. Jiulize: nikiamriwa kulipa msimu mmoja wa mwenzangu, nitauza nini?

Mwezi ujao tutaeleza jinsi ya kuandika hati ya kiapo. Andaa kalamu na daftari.